Vifuniko vya taa za dagaa: je, mistari ya kerezo inaweza kufukuza maji?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo hapa Nyakato, Mwanza, yenye lethi ya kukereza na mashine ya milingi ya kuchongea, zote za zamani lakini bado zinashika kipimo. Natengeneza vifuniko vya taa za sola wanazotumia wavuvi wa dagaa. Nayeyusha alumini chakavu, namimina, kisha nakereza. Shida ni maji. Mvua na mawimbi yakipiga, maji yanatulia juu ya kifuniko, yanaacha madoa meupe, na mwisho yanaingia kwenye matundu ya skrubu. Nilinunua dawa ya kupuliza ya kufukuza maji, ikafanya kazi wiki chache ikaisha. Baadaye nikaona video ya metali iliyochorwa mistari midogo sana, maji yanadunda juu yake. Je, naweza kukata mistari hiyo kwa mashine zangu, kifuniko kisishike maji moja kwa moja bila dawa? Na nikifanikiwa, naweza kuwauzia wajenzi wa mitumbwi na wenye trei za samaki?"

Marahaba, fundi. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Maji yanayoingia kwenye matundu ya skrubu hayazuiwi na mistari wala dawa. Hayo ni ya gasketi ya mpira chini ya kichwa cha skrubu, na ya kuhamisha matundu kutoka juu kwenda ubavuni. Vilevile ongeza mwinamo wa kifuniko mpaka digrii 30, na ukingoni kwa chini ukate mfereji mmoja wa kudondoshea, ili maji yakifika ukingoni yaanguke badala ya kugeuka na kutambaa kuelekea ndani. Fanya hayo kwanza hata kama hutasoma zaidi ya hapa. Nadhani yataondoa zaidi ya nusu ya malalamiko ya wateja wako.

Sasa swali lenyewe. Mistari unaweza kuikata, tena itadumu miaka. Lakini mistari peke yake kwenye alumini tupu haifukuzi maji. Itayakaribisha. Ili maji yakimbie unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mistari mikubwa inayoonekana kwa jicho, ukwaruzo mdogo mno usioonekana, na ngozi nyembamba sana ya mafuta iliyoshikamana na metali. Viwili vya kwanza vinadumu ukivifanya vizuri. Kinachokufa ni ngozi. Kwa hiyo kazi ya mkerezaji ni kuchonga umbo litakaloificha ngozi hiyo isisuguliwe, na kuhakikisha kwamba ikifa inarudishwa kwa gharama ndogo.

Nieleze kwa nini mistari mitupu inaharibu. Metali safi hupenda maji. Tone likitua juu yake hulala, na pembe kati ya ubavu wa tone na uso wa metali huwa ndogo. Pembe hiyo ndiyo kipimo cha kazi yote hii. Chini ya digrii 90, uso unapenda maji. Juu ya 90 unayakataa. Ikizidi 150, na tone likaviringika kwa mwinamo mdogo usiofika digrii 10, hapo ndipo watu huanza kurekodi video. Mwaka 1936 Wenzel alionyesha kwamba ukiongeza eneo la uso kwa kuukwaruza, unaongeza tabia iliyokuwepo tayari, iwe nzuri au mbaya. Chukua kisu chako cha digrii 60, kile cha kukatia meno ya bolti, ukate mifereji iliyobanana bila kuacha nafasi. Eneo la uso linakuwa mara mbili kamili. Kama tone lilikaa kwa digrii 60 kwenye alumini laini, sasa hesabu inakupa digrii sifuri: maji yanasambaa yote ndani ya mifereji na uso unakuwa kama utambi. Kama alumini ilipakwa mafuta na tone lilikuwa digrii 105, mifereji ileile inalipandisha hadi 121 hivi. Ni maendeleo, lakini hujafika 150. Na kwa kubadilisha mafuta tu juu ya uso laini hutafika, kwa sababu hakuna kitu kinachojulikana ambacho kikiwa laini kabisa kinavuka kama digrii 120.

Angalia jani la gimbi baada ya mvua. Tone linatembea juu yake likiwa duara, halilowanishi. Ukilikuza jani hilo kwenye hadubini unakuta vipele, na juu ya vipele kuna chembechembe za nta ndogo zaidi. Tone limekaa juu ya ncha, na chini yake kuna hewa. Hali hiyo ya kukalia hewa ilifafanuliwa na Cassie na Baxter mwaka 1944. Mwaka 1997 Barthlott na Neinhuis wa Bonn, Ujerumani, wakaeleza jinsi jani la yungiyungi linavyojisafisha kwa njia hiyo. Wengi hupita haraka jambo moja: jani ni kiumbe hai. Nta yake ikikwanguliwa, huota tena. Alumini yako haioti kitu. Wewe ndiye utakayeiotesha.

Tuje kwenye kipimo cha mifereji, maana hapa ndipo mafundi wengi hupoteza muda. Kinachozuia maji kuingia mferejini ni mvutano wa uso wa maji, na nguvu yake inategemea upana wa mfereji. Mfereji ukiwa na upana wa 0.1 mm na kuta zilizopakwa mafuta ya kawaida, unahimili shinikizo la pascal 490 hivi, yaani maji ya kina cha sentimita 5 tu. Ukiupunguza hadi 0.01 mm, unahimili nusu mita. Sasa fikiria tone la mvua la milimita 2 likianguka kwa mita 6 na nusu kwa sekunde. Linapopiga, shinikizo lake ni sawa na maji ya kina cha zaidi ya mita 2. Mvua ya masika ya Mwanza itaingia kwenye mfereji wako wa lethi bila kubisha hodi. Hakuna kisu cha kusaga kwa mkono kitakachokupa mfereji mwembamba wa kutosha kuizuia.

Je, mifereji mikubwa haina kazi? Inayo, ila si ile uliyodhani. Kufukuza maji ni kazi ya ukwaruzo mdogo, wa sehemu ndogo ya elfu ya milimita, ambako shinikizo linalohimiliwa hupanda kwa mamia ya maelfu ya pascal na mvua haifui dafu. Mfereji mkubwa kazi yake ni kuulinda huo mdogo. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa China na Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, wakiongozwa na Deng Xu na Robin Ras, walichapisha katika jarida la Nature uso uliojengwa hivyo hasa: fremu ngumu ya vishimo vyenye umbo la piramidi iliyopinduliwa, na ndani ya kila kishimo ule ukwaruzo dhaifu unaofukuza maji. Walisugua kwa msasa, wakakwangua kwa bapa kali la chuma, na bado maji yalikimbia. Kingo za fremu ziliumia, lakini vilivyokuwa bondeni havikuguswa. Ukiuliza neno "kudumu" linatoka wapi katika mambo haya, linatoka hapo.

Sasa mwelekeo. Ukifunga kifuniko chako kwenye chaki ya lethi, kile kishikio kinachozunguka, na kuendesha kisu kutoka kitovuni kwenda ukingoni, unapata mstari mmoja unaozunguka. Unapendeza machoni, nao ndio mbaya kuliko yote. Tone huteleza kwa urahisi kufuata mfereji, na huteleza kwa shida likiukata mfereji. Maji yako yanataka kushuka kutoka kileleni kwenda ukingoni, na kila mzunguko wa kisu umeyawekea tuta njiani. Nadhani hata vifuniko unavyouza sasa, ukivichungulia kwa lenzi, vina alama hizo za kisu, na madoa meupe yamejipanga kwa duara kuzifuata. Jaribu kitu kimoja leo kabla ya kununua chochote: funga kifuniko, chukua msasa namba 120, sugua kwa mkono kutoka kileleni kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, mpaka alama za duara zifutike. Mikwaruzo ya msasa ni myembamba kuliko mfereji wowote wa kisu, na imeelekea kunakotakiwa. Kwa kifuniko cha mviringo kisichoshikwashikwa, hiyo inatosha kuwa hatua ya kwanza, hata bila mashine.

Ukitaka kitu imara zaidi, shauri langu ni kuacha umbo la mviringo na kutengeneza kifuniko cha bati la alumini lililokunjwa katikati, chenye pande mbili za kuteremshia maji. Hapo lethi yako inageuka kuwa mama wa kazi yote. Usikate mistari kwenye alumini. Ikate kwenye roli la chuma kigumu. Kereza roli lenye kipenyo cha milimita 40 na upana wa milimita 5 au 6 tu, likatie meno kama ya bolti yenye hatua (umbali kutoka jino hadi jino) ya 0.3 mm, kisha lichome na kulizamisha kwenye oili lipate ugumu. Liweke kwenye ekseli fupi, lifunge mahali pa kisu cha milingi, likandamize bati kwa 0.1 mm, na uendeshe meza. Kila mpito unachapa mistari kama 18. Meno ni ya mzunguko mmoja unaopanda, kwa hiyo mistari haiko sambamba na mwendo kwa asilimia mia, lakini kwa roli la ukubwa huo inapinda chini ya robo digrii, na tone halitajua. Upana wa roli usiuongeze kwa tamaa ya kumaliza haraka, maana nguvu ya kukandamiza inapanda nao, na mashine ya zamani italegea kwenye njia zake.

Kwa nini 0.3 mm? Kwa sababu ya mchanga. Taa inashushwa ufukweni, inalazwa mchangani, inafutwa kwa kitambaa chenye mchanga. Punje za mchanga wa kawaida ni kuanzia robo milimita kwenda juu. Mfereji wa hatua ya 0.3, ukiacha utambarare mdogo kwenye mgongo wa kila mstari, una mdomo mwembamba kuliko punje nyingi; punje inapita juu ya migongo bila kushuka bondeni. Migongo isiwe na ncha kama wembe. Ncha kali huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hulala kwa kidole cha kwanza kinachopita, na zikilala huziba mfereji.

Vile vishimo vya piramidi unaweza kuvipata pia, kwa roli la kutia vipele kwenye vipini vya vyombo, lile linaloacha vishimo badala ya vipele vilivyoinuka. Vinahimili kusuguliwa kuliko mistari. Ila kwa taa ya dagaa sivipendi. Taa inavuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji wakaonekana kwa mbali kama moshi, nao hufa juu ya kifuniko kwa maelfu. Kishimo kilichozungukwa na kuta hakina pa kutolea uchafu. Mfereji unao.

Kuhusu alumini yenyewe, chakavu unachoyeyusha ndiyo kikwazo kikubwa kuliko mashine zako. Pistoni na vipande vya injini vina silikoni nyingi, na hatua inayofuata, ya kuchemsha, haiendi vizuri juu ya silikoni. Pia alumini ya kumimina huwa na vitundu vya gesi, na kila kitundu ni kisima cha maji. Nunua bati la alumini laini, au tafuta mabaki kwa mafundi wa madirisha. Fremu za madirisha kwa kawaida ni alumini aina ya 6063, inayofaa sana, isipokuwa imepakwa rangi ya unga au imetiwa ngozi ngumu ya oksaidi kiwandani, na hiyo lazima uiondoe yote. Unapokata, mafuta ya taa ni kilainishi kizuri, maana alumini hupenda kuganda kwenye ncha ya kisu, na kisu kikairarua badala ya kuikata. Baadaye osha kwa sabuni, suuza sana, malizia kwa spiriti. Kidole chako kikigusa baada ya hapo, alama yake itaonekana mpaka mwisho.

Hatua ya ukwaruzo mdogo ni rahisi kiasi kwamba watu hawaamini. Chemsha maji, zamisha alumini kwa nusu saa. Basi. Maji ya moto sana yakikutana na alumini safi huotesha juu yake vigamba vyembamba vya oksaidi yenye maji, vinavyosimama wima kama msitu, urefu wake ni sehemu ndogo ya elfu ya milimita. Alumini inapoteza mng'ao kidogo na hilo ndilo utakaloliona. Maji yanatakiwa yavuke nyuzi joto 80, na kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo uko salama. Usitoe tu kutoka motoni kabla ya wakati. La muhimu ni usafi wa maji. Silika na fosfeti zilizoyeyuka huzuia vigamba kuota, kwa hiyo usitumie maji ya ziwa wala ya kisima. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati la paa kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya betri, na hapa uangalie kibandiko, maana dukani wanaita kwa jina hilohilo maji safi na asidi.

Watafiti wengine hupata ukwaruzo kwa kuchoma alumini na asidi ya hidrokloriki. Inafanya kazi, lakini inatoa mvuke unaochoma mapafu na gesi ya haidrojeni inayolipuka, na mwishowe unabaki na ndoo ya sumu karibu na ziwa ambalo watu wanakunywa maji yake. Sioni sababu ya kuitumia wakati sufuria ipo.

Kisha ngozi. Nunua asidi ya steariki, vile vipande vyeupe wanavyotumia watengeneza mishumaa na losheni. Weka gramu 10 kwa lita moja ya spiriti safi, pasha chombo ndani ya maji ya moto mbali na mwali wowote mpaka vipande viyeyuke, kisha zamisha alumini iliyokauka vizuri na ufunike usiku kucha. Asubuhi toa, suuza kwa spiriti nyingine, anika. Steariki hailali tu juu ya metali. Kichwa cha kila molekuli hujifunga kwenye oksaidi, na mkia wake wa mafuta hubaki umeelekea nje. Ndiyo maana kusuuza hakuiondoi, na ukiona unga mweupe baada ya kukauka ujue umeacha ziada isiyoshikamana. Steariki ya ziada huyeyuka kwenye nyuzi 69. Kifuniko cha taa ya LED kwa kawaida hakifiki huko. Cha karabai kingefika mapema sana, lakini karabai sasa ni wachache walio nazo.

Kitu kama hiki kinaumwa na nini ziwani? Siyo maji. Ni mafuta na sabuni. Mafuta ya dagaa, petroli iliyochanganywa oili kwa ajili ya mashine ya nje ya mtumbwi, na sabuni ya unga, vyote vina mvutano mdogo kuliko maji, vinaingia moja kwa moja kati ya vigamba na kuifukuza hewa. Mafuta yakishaingia, tone la mvua linalofuata linakuta nyumba imejaa. Waambie wateja kifuniko kioshwe kwa maji matupu. Kikichafuka kwa petroli, kisuuzwe kwa spiriti, siyo kusuguliwa kwa waya.

Na uwaambie wazi kwamba ngozi inarudiwa. Ratiba yake wanayo tayari. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa pevu mitumbwi mingi hupumzika ufukweni. Hizo siku ndizo za kuleta vifuniko. Vile ambavyo vigamba vyake bado vipo vinahitaji kuoshwa kwa spiriti na kuzamishwa tena kwenye steariki. Vile vilivyosuguliwa mno unavichemsha upya kwanza. Mistari haiguswi. Sidhani kila kifuniko kitahitaji kurudiwa kila mwezi, lakini usiniulize miezi mingapi. Inategemea mikono ya wavuvi kuliko metali, na karakana yako itajua kwa kupima.

Kupima nako si lazima uwe na maabara. Nunua sirinji ya insulini ya uniti 100 kwa mililita moja. Nusu uniti ni tone la kipenyo cha milimita 2 hivi, dogo kiasi kwamba uzito wake hauliharibu sana umbo. Liweke kwenye uso ulio mlalo, weka simu usawa wa uso huo, piga picha kwa karibu. Pima kimo cha tone na upana wa kitako chake pale linapogusa. Gawanya kimo kwa kitako. Ukipata 0.5, pembe ni digrii 90. Ukipata karibu 1.9, umefika 150. Kisha inua upande mmoja polepole kwa kabari na usome mwinamo ambao tone linaondoka, kando kwa kufuata mistari na kando kwa kuikata. Tofauti ya hizo mbili itakufundisha zaidi ya maneno yangu kuhusu mwelekeo. Mwisho sugua kwa gunia bichi lenye mchanga, hesabu mara ulizosugua, pima tena. Namba hizo ziandike kwenye daftari, maana ndizo utakazomwonyesha mteja anayebishana.

Video uliyoona huenda ni ya kundi la Chunlei Guo wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, la mwaka 2015. Walichora kwa leza ya mapigo mafupi mno, na wakati ule kipande cha inchi moja mraba kilichukua saa nzima. Hiyo si mashine ya Nyakato. Lakini kama kuna mtu mjini anayechonga majina kwenye vikombe vya ushindi kwa leza ya kawaida ya metali, mpelekee kipande. Ila msikitupe siku ya kwanza: metali iliyotoka kwenye leza hunywa maji kama sponji, na huanza kuyakataa baada ya siku au wiki kadhaa, inapokuwa imeokota chembe za mafuta zilizomo hewani. Steariki inafupisha subira hiyo.

Dawa yako ya kupuliza iliisha kwa sababu ililala juu ya uso laini, bila bonde la kujifichia. Kuna dawa nyingine zinazodumu zaidi, zenye florini. Baadhi ya kemikali za ukoo huo, PFOS na PFOA, ziliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa unaodhibiti kemikali sugu zenye sumu, mwaka 2009 na 2019, kwa sababu haziozi na hujikusanya kwenye miili ya viumbe. Juu ya taa inayoelea kwenye maji wanamovuliwa dagaa, mimi nisingeziweka hata kama ningepewa bure.

Kuhusu mitumbwi, usiwauzie. Chini ya maji hewa iliyonaswa hukandamizwa kwa kina, huyeyuka polepole ndani ya maji, na mawimbi huing'oa. Ukitaka kuona kinachohitajika, tazama salvinia, gugu lililovamia sehemu za ziwa letu. Majani yake yana nywele ndogo zenye umbo la kifaa cha kupigia mayai, zilizofunikwa na nta, ila ncha zake za mwisho hupenda maji na kuyashika ili hewa iliyo chini isitoroke. Barthlott na wenzake walieleza mwaka 2010 kwamba kwa hila hiyo jani hubaki na hewa chini ya maji kwa muda mrefu. Hakuna roli la lethi litakalochapa nywele za namna hiyo, na mwani utazifunika.

Trei za samaki ndiyo usiziguse kabisa. Kinachogusa chakula kinatakiwa kiwe laini, kioshwe kwa sabuni na brashi kila siku. Mfereji wa 0.3 mm unaotunza ngozi ya steariki utatunza pia utelezi wa samaki na bakteria wake, na sabuni itakayowatoa itaiua ngozi palepale. Mwenye trei akija, mwuzie bati laini la chuma kisichoshika kutu, lililokunjwa lisiwe na pembe kali ndani, lenye mwinamo wa kutiririshia maji. Mistari ibaki kwenye taa, na kwenye vifuniko vya masanduku ya betri, ambavyo kwa kweli vina shida ileile na wateja wake ni walewale.